Je, kumkalisha mama kitini ni kumheshimu?

Kwa miaka mingi, kila nilipofika kwenye amri ya nne katika mafundisho ya wakatekumeni, nilitoa mfano uleule. Niliwaambia: “Mama yako alikubeba mgongoni. Alilima nawe mgongoni, akateka maji nawe mgongoni, akasenya kuni nawe mgongoni. Leo wewe una mshahara. Basi mnyang’anye jembe, umpe kiti.” Watu walifurahi kusikia maneno hayo. Wamama walioketi nyuma walipiga vigelegele, na vijana wakainamisha vichwa kwa haya. Nami nilirudi nyumbani nikijiona nimefundisha vema.

Leo nataka kuuchunguza mfano ule mbele yenu. Maana yuko kijana mmoja aliyeusikia, akaushika neno kwa neno, na yaliyompata mama yake yamenizuia kuutoa tena.

Kijana yule alibatizwa kwetu Bukavu, kisha akapata kazi ya machimbo huko Kolwezi. Mama yake, mjane, alibaki katika nyumba yao iliyo kwenye mteremko, kama zilivyo nyumba nyingi za Bukavu. Alikuwa mama wa shamba: mwembamba, mkavu, mwepesi kupanda kilima. Katika miaka ya vita, kuanzia 1996, alikimbia na watoto wake zaidi ya mara moja, na mmoja alimzika njiani. Hivyo kijana yule alikua akimwona mama yake mifupa mitupu, na sura ile haikumtoka moyoni. Alipopokea mshahara wake wa kwanza, alimweka msichana wa kumpikia mama, akamlipa mtu wa kumtekea maji, akamkataza asishike jembe tena. Akamnunulia kiti kikubwa chenye mito. Kila mwezi alituma fedha kwa simu, na kila aliporudi kwa Noeli alimtazama mama kwanza mashavuni. Mama alinenepa. Majirani wakasema: “Huyu amezaa kweli!” Na mimi nilisema hivyohivyo. Hata nilimtoa mfano katika somo, bila kumtaja jina, lakini kila mtu alimjua.

Katika mwaka wa tano wa raha ile, asubuhi moja baada ya mvua, mama aliinuka kitini aende chooni nyuma ya nyumba. Si mbali, hatua ishirini hazitimii. Kandambili ikateleza kidogo kwenye udongo. Lilikuwa teleza dogo tu, ambalo zamani angejishika bila hata kukatiza maneno aliyokuwa akisema. Safari hii alikwenda chini kama gunia, na kifundo cha mguu kikavunjika mahali pawili.

Nilikwenda kumpa pole hospitalini. Akaniambia: “Mwalimu, miguu yangu imenisahau.” Kisha, pasipo hasira yoyote, akaongeza: “Nilimwomba mwanangu aniachie hata kibustani cha lengalenga. Akaniambia, hapana mama, mwalimu alitufundisha.”

Sitaki kuwaficha kwamba usiku ule sikulala vema. Swali lililoniweka macho ndilo nawaletea: je, mama yule tulimheshimu, ama tulijiheshimu wenyewe?

Lakini kabla ya kulijibu, tujue kwanza habari za mwili wenyewe. Anayefundisha juu ya mwili wa mtu bila kujua namna ulivyo ni kama mzee wa baraza anayekata shauri bila kusikia mashahidi. Mimi nilifanya hivyo, basi nimejaribu kuuliza na kusoma.

Twasimama bila kufikiri, na kwa hiyo twadhani kusimama si kazi. Kumbe mwili wa mtu ni mrefu, na nyayo zake mbili zashika mahali padogo sana chini. Uzito wote lazima ushuke katikati ya mahali pale padogo. Ukipita mbele ya vidole, mtu aanguka. Hata unapodhani umetulia kama mti, mwili wako wayumba kidogo mbele na nyuma, na misuli ya miguu yaurudisha kila mara. Ili kuurudisha, yahitaji habari, na habari hizo zatoka mahali patatu: machoni, ndani ya sikio, palipo na vijifereji vyenye maji vinavyojua kichwa kinavyogeuka, na katika nyayo na viungo, vinavyoupasha ubongo habari ya ardhi. Kwa mzee yote matatu yapungua. Macho yaingia ukungu, sikio la ndani lachoka, nyayo zasikia kidogo. Na mwenye ugonjwa wa sukari aweza kupata madhara makubwa zaidi, kwa sababu ugonjwa ule waharibu mishipa ya fahamu ya miguuni.

Kwa mwanamke liko na jingine. Damu ya mwezi ikisha kukoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, ile homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa yake yapungua sana, na mifupa yaanza kupoteza ugumu upesi kuliko ya mwanamume wa umri uleule. Wakati huohuo mafuta ya mwili yahama: yale yaliyopenda kukaa mapajani na nyongani yaanza kukusanyika tumboni. Nayo misuli ilikwisha kuanza kupungua tangu miaka ya thelathini, polepole, kisha upesi zaidi baada ya miaka 60.

Sasa yaweke mambo haya pamoja. Tumbo likikua, uzito wasogea mbele, kuelekea vidoleni. Misuli iliyo nyuma ya mguu lazima ivute kwa nguvu zaidi ili mama asiende na uso. Lakini misuli ile ndiyo iliyopungua! Tena kwa mtu anayekaa tu, mafuta huingia hata katikati ya nyuzi za misuli, kama tuonavyo katika nyama ya ng’ombe aliyefungwa na kulishwa bila kutembea. Mguu waonekana mnene, nguvu hamna. Watu wanene sana wamepimwa wakiwa wamesimama wima, ikaonekana miili yao yayumba zaidi kuliko ya watu wa kadiri. Na mwili ukianza kwenda chini, kuzuia kilo 95 kwataka nguvu nyingi kuliko kuzuia kilo 60, na kwataka wepesi pia, maana mguu una nafasi ndogo sana, pungufu ya kufumba na kufumbua, kuruka mbele na kuuokoa mwili.

Yafaa niseme ukweli wote. Mafuta ya nyongani hupunguza kishindo, na mfupa uliozoea kubeba uzito huwa mgumu zaidi. Ndiyo sababu bibi mwembamba sana, aliyekosa chakula, yumo hatarini kuvunjika nyonga kuliko aliye mnene. Lakini kifundo cha mguu hakina godoro, wala mfupa wa juu wa mkono. Na mifupa hiyo ndiyo inayovunjika zaidi kwa wamama wanene. Mtu asisome maneno yangu akaanza kumpimia mama yake bugali kwa kijiko. Njaa nayo huangusha.

Wala tusidhani kuanguka ni jambo la kuchekwa na watoto. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitangaza mwaka 2021 kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi ni wazee wa miaka zaidi ya 60. Katika watu waliopita miaka 65, karibu mmoja kwa watatu huanguka kila mwaka. Na yule ambaye hakuvunjika, mara nyingi abaki na hofu. Kwa hofu atembea kidogo. Kwa kutembea kidogo misuli yazidi kulegea. Na hivyo aanguka tena.

Mtaniuliza: basi, unene ni mbaya, nasi tuliutukuza bure? Hapo sikubali haraka. Katika nchi yetu unene ulipata heshima yake kwa sababu ya njaa. Kule Lwiro, karibu na Katana, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1940. Humo watu wa elimu walitumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa wa watoto wa Bushi waliovimba miguu na tumbo kwa kukosa chakula chenye kujenga mwili. Mahali ambapo mtoto huvimba kwa njaa, na mkubwa hukonda kwa vita, kisha katika miaka ya karibu wengine wakakonda kwa ukimwi, mashavu ya mama yaliyojaa yana maana kubwa. Yanasema: hapa pana amani, hapa pana chakula, huyu hakutupwa. Kijana wa Kolwezi hakukosea kufurahi alipoyaona. Anayecheka furaha ile hajapata kulala njaa.

Wala si haki kumwita kila mama mnene mlafi, kama wafanyavyo wengine hata mlangoni mwa kanisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipofundisha juu ya ulafi, aliuweka katika tamaa ya kula isiyofuata akili. Mwembamba aweza kuwa mlafi, na mnene aweza kufunga Kwaresima nzima kwa moyo safi. Yasemekana Tomaso mwenyewe alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na hilo halikumzuia kuwa mwalimu wa Kanisa.

Hata kipimo cha unene wanachotumia waganga yafaa kukielewa. Kilitoka kwa Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, aliyezaliwa mwaka 1796 na kufa mwaka 1874. Wachukua kilo za mtu, wazigawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Leo wasema: ikifika 25 uzito umezidi, ikifika 30 ni unene wa hatari. Lakini Quetelet hakuwa mganga. Alikuwa mtu wa hesabu na wa nyota, akitaka kujua namna ya watu wengi pamoja, si kumhukumu mama mmoja katika chumba cha mganga. Ilikuwa mwaka 1972 tu ndipo Mmarekani Ancel Keys alipokipa kipimo hicho jina kinachojulikana nalo leo. Hesabu ile haijui kama kilo zako ni misuli au mafuta, wala kama unapanda kilima au umekaa. Nendeni soko la Kadutu asubuhi: mtawaona wamama wenye miili mikubwa wakipanda na vikapu, wakisimama kutwa nzima, wakiinama na kuinuka. Miguu yao yafundishwa na uzito wao wenyewe kila siku. Mizani ikisoma kilo 95 kwa mmoja wao na kilo 95 kwa mama wa kitini, yasema kitu kimoja juu ya watu wawili wasiofanana.

Basi, jambo lililomwangusha mama wetu halikuwa unene peke yake, wala uzee peke yake. Mafuta na kiti viliingia nyumbani pamoja, na vyote viwili viliingia kwa jina la heshima.

Hapa nataka kuwaeleza jambo lililonistaajabisha. Mwaka 1986, katika gazeti la elimu liitwalo Nature, yalitangazwa matokeo ya vipimo walivyofanyiwa wamama wa Kijaluo na wa Kikikuyu kule Kenya, waliozoea kubeba mizigo tangu utoto. Wenye elimu walipima pumzi zao, wapate kujua nguvu wanazotumia. Wakaona kwamba mama yule aliweza kubeba mzigo wa sehemu ya tano ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya yule asiyebeba kitu! Mwaka 1995 wengine wao, pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain huko Ubelgiji, wakaeleza sababu yake. Mwili wa mtu atembeaye hupanda na kushuka kama uzito unaoning’inia na kubembea, na katika kila hatua nguvu kidogo hupotea. Wamama wale, wakiisha kuwekewa mzigo kichwani, hupoteza kidogo kuliko sisi. Hakuna aliyewafundisha shuleni. Miguu yao imejifunza.

Nilipojua hayo nikalikumbuka neno la mama hospitalini, kwamba miguu imemsahau. Nilikuwa nimelisikia kama neno la kuchekesha la mzee mgonjwa. Lilikuwa neno la kweli kabisa. Kutoanguka ni ujuzi, kama kusuka mkeka au kuimba zaburi, na ujuzi usiotumiwa hutoweka. Siku tuliyomnyang’anya jembe, tulidhani twamwondolea mzigo. Mzigo tulimwondolea kweli. Na pamoja nao tukamwondolea ujuzi wa miaka hamsini, bila kumwuliza.

Ndugu zangu, sisi wakristu tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wenye vipimo. Mtaguso wa Vienne, uliomalizika mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho ya mtu ndiyo umbo lenyewe la mwili wake. Maneno hayo ni magumu, nami seminarini yalinisumbua. Lakini maana yake kwa habari yetu ni nyepesi. Mwili si nyumba ambamo roho imepanga chumba. Mama na miguu yake si watu wawili. Ukifunga miguu yake kwa mito, hukustarehesha nyama tu, umemgusa yeye: umegusa njia yake ya kutoa, ya kujua habari za jirani, ya kwenda kumwona mgonjwa, ya kuamua mwenyewe kwamba leo atapika sombe na kesho maharagwe.

Tazameni jinsi Bwana wetu Yezu Kristu alivyowatendea wamama. Mama mkwe wa Petro alikuwa kitandani na homa. Bwana akamshika mkono, akamwinua, na yule mama mara akaanza kuwatumikia. Zamani nilipoisoma habari ile niliona kama si adabu: mgonjwa amepona sasa hivi, mbona wamwacha apike? Siku hizi naiona kwa namna nyingine. Kuponywa kwake kulikuwa kurudishiwa mahali pake nyumbani, na katika nyumba ile mahali pake hapakuwa kitini. Na yule mwanamke aliyepindika mgongo miaka 18, Yezu alimwita siku ya Sabato, akamnyosha, akamsimamisha wima mbele ya watu wote, akamwita binti wa Abrahamu. Hakumletea mto wa kuegemea.

Najua, mtu atasimama na kusema: “Mwalimu, basi wataka kuwarudisha mama zetu shambani? Umepata sababu nzuri ya watoto wavivu kutowasaidia wazazi!”

Swali hili ni la haki, tena latisha. Maana yako makosa ya upande wa pili, na kwetu ndiyo mengi zaidi. Kila siku twawaona katika njia za Bukavu wamama wanaobeba mizigo kwa ujira, kamba imepita kipajini, gunia la kilo 50 na zaidi mgongoni, na wengine wao ni bibi. Hiyo si sehemu ya tano ya uzito wa mwili. Mzigo ule hauwafundishi miguu, wawala magoti na shingo. Nimeona pia nyumba ambamo bibi amegeuzwa mtumishi asiye na mshahara: aamka kwanza, alala mwisho, wajukuu sita mikononi mwake, na mkamwana amelala. Mtu akimwonyesha bibi huyo gazeti hili na kumwambia, “Fanya kazi, ni afya,” namwambia mtu huyo kwamba ataulizwa na Mungu. Mama aliyechoka ana haki ya kupumzika, na mtoto mwenye mshahara ana deni la kumlisha, kumvika na kumpeleka kwa mganga. Yezu aliwakemea vikali wale waliotafuta maneno ya dini ili wasiwasaidie wazazi wao.

Deni hilo silifuti. Nasema ya kuwa halilipwi kwa kiti. Kiti ni chepesi kulipa, kwa sababu chanunuliwa mara moja, nacho chaonekana na majirani.

Mwingine ataniambia: “Lakini mama yangu mwenyewe apenda kiti.” Kama ameulizwa na kujibu hivyo, akijua yatakayompata, basi ni shauri lake, yeye ni mzee wako, si mtoto wako. Naogopa tu kwamba wengi hawakuulizwa. Wengine husema wapenda, ili wasimwaibishe mtoto aliyejitoa. Mama hula hata asipokuwa na njaa, ili mtoto aliyeleta samaki asiumie moyo. Ni nani asiyejua hayo?

Kijana alirudi kutoka Kolwezi mama akiwa bado na plasta mguuni. Akaja kwangu. Nilidhani atanilaumu, nami nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Niliyatoa, akayapokea kwa upole. Nikamwambia yale niliyoyasoma: kwamba mwaka 2019 yalikusanywa matokeo ya majaribio zaidi ya mia moja, yenye watu zaidi ya 23,000 katika nchi 25, ikaonekana kwamba wazee wanaofanya mazoezi hawaanguki mara nyingi kama wengine, maanguko yao hupungua karibu robo. Wala si mazoezi ya askari. Ni kuinuka kitini na kuketi tena, mara kadha, bila kujishika ukiweza. Ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Ni kwenda hatua kwa hatua, kisigino mbele ya vidole. Ni kutembea kila siku. Kwa wamama wetu, nikasema, kibustani chatosha kuwa mwanzo: kuinama, kuinuka, kugeuka na ndoo ndogo ya maji.

Alisikiliza yote. Kisha akasema polepole: “Mwalimu, naelewa. Lakini wakimwona na jembe, watu watasema nimemtupa.”

Hapo nilipata jibu la swali langu la usiku ule, na lilinichoma mimi kuliko yeye. Watu watasema. Yeye alimpenda mama yake, sina shaka. Lakini pamoja na upendo ule tulikuwa tumemgeuza mama kuwa ubao wa matangazo. Mashavu yake yalikuwa cheti cha mtoto, na cheti cha mtoto kilikuwa cheti cha mwalimu aliyemfundisha. Mafuta yale yalitusifu sisi wawili kwa miaka mitano, na aliyeyabeba ni yeye. Wenye elimu ya falsafa hutuonya tusimtumie mtu kama chombo cha kufikia jambo letu. Sikujua kwamba mtu aweza kutumiwa hivyo akiwa amekalishwa juu ya mito mizuri, na kuitwa “mama” kwa sauti ya mapenzi.

Tulikwenda pamoja kwa mama. Kijana alipiga magoti karibu na kiti, akamwuliza anachotaka. Mama alinyamaza kwanza. Naona hakuzoea swali lile. Kisha akasema ataka lengalenga, na vitunguu kidogo kandokando. Ataka msichana wa kazi aendelee kuteka maji, maana njia ya maji ni mbaya. Ataka taa ya kwenda nayo chooni usiku. Na kiti kibaki, kwa jioni. Msitari wa mwisho ulimchekesha mwanawe, nami nikacheka.

Mguu wake haukurudi kuwa kama zamani. Atembea kwa fimbo, na mvua ikinyesha hatoki. Amepungua kidogo tu. Bado ni mama mkubwa wa mwili, na sioni kwamba ampasa kuwa mwingine. Lakini ainuka kitini pasipo kushikwa. Mwanawe ameniambia kwamba mpaka leo, rafiki zake wa Kolwezi wakimwuliza habari za mama, hataji habari ya bustani.

Nami katika somo la amri ya nne nimeacha kutoa mfano wangu, na mwingine mzuri kama ule sijaupata. Nauliza swali tu. Namwambia kila mkatekumeni: “Jana mama yako alikwenda wapi kwa miguu yake, na nani alimtuma?” Wengi hutazamana. Juma lililopita kijana mmoja, mwenye mshahara mzuri, alijibu kwamba hajui, akatoka nje na simu yake kabla ya somo kwisha, wala sikumkataza.